Granada Ilinifundisha Kusema "Sijaelewa"

Basi kutoka Madrid hadi Granada huchukua kama saa tano. Nilipanda asubuhi moja ya Septemba 2014, macho mazito kwa safari ya kutoka Dar es Salaam kupitia Doha. Nilikuwa na begi moja kubwa, blanketi ambalo nilikataa kulibeba na Mama akalitia kwa siri, na bahasha ya vyeti ambayo sikuiachia hata nilipokwenda chooni. Nilikuwa na miaka 26. Nilikuwa nesi mwenye diploma, na miaka minne kazini katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga. Sasa nilikuwa nakwenda kutafuta shahada.

Watu wengi waliniuliza, kwa nini Hispania? Jibu langu lilikuwa la mfukoni. Ada ya vyuo vikuu vya umma kule ni nafuu kuliko ya Uingereza, na kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alikubali kunisaidia kodi ya chumba. Kuhusu lugha nilijipa moyo kwamba nitajifunza hukohuko. Kihispania changu kilikuwa cha miezi mitatu, kutoka kwenye simu na kitabu kimoja cha kuazima.

Basi lilipopenya korongo la Despeñaperros, mahali barabara inapoingia Andalusia, mizeituni ilianza. Safu kwa safu, kilima baada ya kilima, kwenye udongo mwekundu, kwa zaidi ya saa nzima. Mkoa wa Jaén peke yake una makumi ya mamilioni ya miti hiyo. Mimi niliyekulia Muheza nilizijua safu za namna ile, maana ndivyo mkonge unavyopandwa kwetu. Nikatulia kidogo. Nikajiambia, nchi inayopanda kwa mistari hivi haiwezi kunishinda.

Jirani yangu kitini, mzee mmoja mwenye kofia, akanigeukia na kuanza kusema jambo refu huku akionyesha dirishani. Sikuambulia hata neno. Nikatabasamu, nikasema, "Sí, sí." Ndiyo, ndiyo. Akafurahi sana, akaendelea kuzungumza mpaka tunaingia Granada.

Hiyo ilikuwa sí yangu ya kwanza. Haikunigharimu kitu, na ndiyo maana niliizoea.

Mji wa komamanga

Neno granada kwa Kihispania ni komamanga, na mji ule haukuachi usahau. Tunda hilo utalikuta limechorwa kwenye vigae vya mitaa, kwenye nguzo na kwenye nembo ya mji. Granada iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada, ambako kilele cha Mulhacén kinakaribia mita 3,480. Mimi nilidhani Hispania yote ni jua na pwani. Ilipofika Novemba nilitoka nje asubuhi nikaona milima imevaa nyeupe, nikarudi ndani kuchukua lile blanketi la Mama nikajifunga mabegani.

Chumba changu kilikuwa Albaicín, mtaa wa kale ulio mlimani, ukitazamana na kasri la Alhambra lililo kwenye kilima cha pili. Msomaji aliyewahi kupita Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu atauelewa mtaa ule bila picha. Kuta nyeupe, vichochoro vyembamba hata mtu akija na mzigo inabidi ujibanze ukutani, milango mikubwa inayoficha bustani. Granada ndiyo iliyokuwa dola ya mwisho ya Waislamu katika Hispania, hadi ilipokabidhiwa kwa wafalme Wakristo tarehe 2 Januari 1492. Baada ya hapo zilipita karne nyingi, na ni mwaka 2003 tu msikiti mkubwa mpya ulipofunguliwa Albaicín, jirani na uwanja wa San Nicolás ambako watalii hukusanyika jioni kutazama Alhambra ikigeuka rangi.

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi mjane wa miaka sabini na kitu. Nyumba yake haikuwa na mfumo wa kupasha joto, bali ilikuwa na meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachofika sakafuni, na chini yake jiko dogo. Zamani lilikuwa la mkaa, siku hizi ni la umeme. Unaketi, unavuta kitambaa mpaka mapajani, miguu inapata joto huku pua inaendelea kuganda. Siku ya kwanza alinivuta mkono, akapiga ubao kwa kiganja na kusema, "Mesa." Nikamtazama. "Meza?" Akatikisa kichwa, "Mesa, mesa." Machozi yalinilengalenga. Nilikuwa nimekaa siku tatu bila kuelewa mtu, na neno la kwanza nililopewa lilikuwa letu.

Jina la babu na saa ya mchana

Wiki ya pili nilikwenda ofisini kushughulikia karatasi za ukaazi. Wahispania wana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la pili la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi jina. Karani alitazama pasi yangu yenye majina matatu, kama tulivyo wengi wetu: langu, la baba na la babu. Akauliza swali, akidondosha kidole kwenye jina la mwisho. Nikasema sí. Nilikuja kutambua baadaye kwamba aliuliza kama lile ni jina la ukoo wa mama yangu. Kwa hiyo katika karatasi za Hispania, babu yangu mzaa baba alihamia ukweni. Mama nilipomsimulia alicheka, akasema mzee yule alikuwa anapenda mahari, basi na atoe.

Kisha kulikuwa na suala la saa. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tayari tuna kazi ya kuongeza na kupunguza sita kichwani kila tunapovuka mpaka. Hispania ikaniongezea hesabu nyingine. Nchi ile kijiografia iko upande wa Uingereza, lakini tangu mwaka 1940 inatumia saa za Ulaya ya kati, kwa hiyo jua huchelewa. Mwezi wa Juni giza linaingia karibu saa nne za usiku. Chakula cha mchana ni saa nane au tisa, cha usiku ni saa tatu au nne. Jumapili moja bibi aliniambia tutakula na wanawe adhuhuri, nikasema sí. Saa sita kamili nilikuwa nimesimama sebuleni, nimevaa kitenge changu kizuri, na bibi bado yuko kwenye gauni la kulalia. Kwa Wagranada, adhuhuri ni pale watu wanapokaa kula, na kabla hujala mtu atakusalimia "habari za asubuhi" hata kama ni saa nane mchana.

Sí nyingine nusura niimeze. Granada ina desturi ya kupendeza: ukiagiza kinywaji mgahawani unaletewa na kisahani cha chakula bila malipo. Tulikwenda wanafunzi wanne wa darasa la lugha. Mhudumu akaniuliza kitu, nikaitikia. Kikaja kisahani chenye vipande vyeusi vya duara, vinanukia viungo. Nilikuwa nimekwisha chukua kimoja mwenzangu, binti kutoka Tetuan, Morocco, aliponishika mkono. "Unajua hiyo ni nini?" Nikasema, soseji. "Ni damu ya nguruwe," akasema. "Amekuuliza kama unakula morcilla, nawe umesema ndiyo." Nikarudisha kipande. Wote tukacheka, na mimi nikacheka zaidi yao ili yaishe haraka.

Maneno ya nyumbani katika midomo ya wengine

Mwaka wa kwanza wote nilisoma lugha. Chuo Kikuu cha Granada kilianzishwa mwaka 1531 na kina kituo chake cha lugha katika mtaa wa Realejo, upande wa pili wa Alhambra. Darasani tulikuwa Wakorea, Wamarekani, Wamoroko na mimi. Mwalimu alipofika kwenye maneno ya Kihispania yenye asili ya Kiarabu, nilianza kujiona tajiri. Azúcar ni sukari. Aceituna ni zeituni. Azafrán ni zafarani. Hasta, maana yake hadi, ni ndugu wa "hata" yetu. Fulano ni fulani, bila kubadilisha kitu. Alcalde, yaani meya, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi. Na mezquino, mtu mchoyo, limetokana na neno lilelile lililotupa sisi "maskini." Maneno ya Kireno yaliyobaki pwani yetu nayo yakaja kusalimia kupitia binamu zao wa Kihispania: meza, bendera, padri.

Lakini maneno yanayofanana yana mitego. Cama, linalotamkwa kama "kama," ni kitanda. Pesa ni "ana uzito," kwa hiyo wodini ukisikia watu wanauliza mgonjwa pesa kiasi gani, usidhani wanadai hela. Mama, kwa lugha ya hospitali, ni titi, na nilipoona kwa mara ya kwanza bango la "cáncer de mama" nilisimama nikijiuliza kina mama wamefanya nini. Baba ni udenda wa mtoto. Na kaka, ndugu msomaji, ni haja kubwa. Jioni moja nilikuwa nikiongea kwa simu na kaka yangu wa Muscat kwa sauti ya juu, "Kaka! Kaka, unanisikia?" Bibi akaja mbio kunionyesha mlango wa choo.

Lafudhi ya Andalusia nayo ni mtihani wa peke yake. Wanameza herufi. S ya mwisho haipo, d ya katikati imekwenda zake, samaki wa kitabuni aitwaye pescado sokoni ni pescao. Nilipata alama nzuri darasani, kisha nikitoka nje ya mlango naanza upya. Na kila nilipokwama nilikuwa na dawa yangu: tabasamu, kutikisa kichwa, sí, sí.

Naomba nieleweke. Haikuwa uongo wa kudanganya mtu. Tumelelewa hivyo. Mkubwa akisema, unaitikia. Kumwambia mtu mzima "sikuelewa, rudia" kuna harufu ya ukaidi. Tena nilikuwa na aibu ya aina nyingine: mimi nilikuwa sista, niliyezoea kuamka usiku kuzalisha na kupokea majeruhi, na sasa nilikuwa mtu ambaye mtoto wa miaka minne kwenye basi anamsahihisha. Kila "sijaelewa" ilikuwa kama kuvua sare mbele za watu. Kwa hiyo niliimeza.

Mdomo wa tumbo

Diploma yangu haikunipunguzia kitu. Nilianza shahada ya uuguzi mwaka wa kwanza, pamoja na vijana wa miaka 18. Shahada ile ni ya miaka minne, na sheria za Ulaya zinadai muuguzi apate angalau saa 4,600 za mafunzo, nusu yake zikiwa mbele ya wagonjwa. Mwaka wa pili tukaingia wodini.

Jambo la kwanza lililonigusa wodini ni kiti. Pembeni ya kitanda kuna kiti kikubwa cha kuegemea, na kiti hicho ni cha ndugu wa mgonjwa. Binti, mke, mpwa, mtu lazima alale pale. Wanapeana zamu, wanaleta chakula kwenye vyombo, wanamgeuza mgonjwa wao, wanagombana na nesi juu ya dripu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Ulaya wagonjwa hulala peke yao. Hapa nilijiona niko nyumbani, ilikosekana chupa ya uji tu.

Jambo la pili ni neno "hija." Wagonjwa wazee wote waliniita hivyo: binti yangu, mwanangu. Hakuna shikamoo katika Kihispania. Kuna usted, ile "wewe" ya heshima, nami niliitumia kwa kila mwenye mvi, na wao wakanijibu hija. Ilinitosha.

Ilikuwa Januari 2017. Mgonjwa mmoja alikuwa bibi wa zaidi ya miaka themanini, kutoka vijiji vya milimani vya Alpujarra. Alikuwa amelazwa kwa maambukizi ya mapafu na alikuwa anaendelea vizuri. Binti yake alikuwa ameshuka kunywa kahawa. Nilikuwa napita kupima joto, bibi akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Me duele la boca el estómago, hija."

Me duele nilijua: inaniuma. Boca nilijua: mdomo. Lile lililofuata lilimezwa kama maneno yote ya Andalusia. Mdomo unamuuma, nikafikiri, amekaukiwa kwa ajili ya oksijeni. Nikasema, "Sí, sí, bibi," nikatoka kwenda kumletea maji na dawa ya kusukutua.

Nilipofika mlangoni nikageuka kumuuliza kama anataka maji ya baridi au ya vuguvugu. Hakuwa ameshika mdomo. Alikuwa amekunja ngumi na kuikandamiza hapa, chini ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo. Paji la uso lilikuwa linang'aa jasho, katika chumba ambacho sisi wengine tulikuwa tumevaa sweta.

Pale aliposhika, Kiswahili kinapaita chembe cha moyo. Kihispania kinapaita la boca del estómago, mdomo wa tumbo. Jina nilikuwa silijui, lakini jasho lile nililijua tangu Tanga. Nilirudi, nikashika mapigo yake, nikamwita nesi kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Mashine ya kupima umeme wa moyo ikaletwa, daktari akaja anakimbia. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Bibi alipelekwa kuzibuliwa mshipa palepale.

Wengi wetu tunatarajia maumivu ya moyo yakae kifuani upande wa kushoto. Mara nyingine, hasa kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, huja kama kiungulia, kichefuchefu au maumivu ya chembe cha moyo, pamoja na jasho na kuishiwa nguvu. Nilikuwa nalijua hilo kwa miaka. Nusura ujuzi wangu wote uzuiwe na neno moja la adabu.

Baadaye nesi aliyekuwa akinisimamia alinikalisha chumba cha dawa. Akaniuliza mgonjwa aliniambia nini hasa. Ningeweza kusema nilielewa tangu mwanzo, maana mwisho ulikuwa mwema na alikuwa tayari ameanza kunisifu. Nikasema, "Nilisikia mdomo. Sikuelewa, nikamwambia ndiyo, nikaondoka. Niligeuka kwa bahati." Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema mwanafunzi asiyejua hamtishi, kwa kuwa huyo anauliza. Anayemtisha ni yule anayetikisa kichwa.

Usiku ule nilijiandikia sentensi mbili kwenye kadi, nikaiweka mfuko wa juu wa sare. "No le he entendido. ¿Me lo repite, por favor?" Sijakuelewa, naomba urudie. Na ya pili, "Señáleme con el dedo dónde le duele." Nionyeshe kwa kidole panapouma. Wiki ya kwanza nilitoa kadi ile labda mara ishirini kwa siku. Hakuna mgonjwa aliyenicheka. Wazee walirudia polepole, wengine kwa furaha, kama watu ambao kwa muda mrefu hakuna aliyewaomba waseme tena. Yule bibi wa Alpujarra aliporudi wodini, alinifundisha majina ya mwili mzima kwa lugha ya kijijini kwake, akinigonga kwa kidole.

Simu ya Jumapili

Kila Jumapili nilimpigia Mama. Baada ya shikamoo na habari za majirani, alikuwa na swali lake moja. "Masomo unayaelewa, mwanangu?" Nami nilikuwa na jibu langu moja. "Ndiyo, Mama, nayaelewa."

Jumapili ile nilimwambia, "Mengine siyaelewi, Mama." Nikamsimulia yote: karani, damu ya nguruwe, bibi na mdomo wake. Nilitegemea anionee huruma. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Na mimi kuna jambo."

Mama alikuwa na presha kwa miaka mitatu, na dawa zake anazichukua kliniki. Akaniambia kwamba hizo dawa huzinywa siku kichwa kinapouma tu, nyingine anaziweka akiba. Nilipiga kelele, "Mama! Hukuambiwa ni kila siku?" Akasema, "Labda niliambiwa. Yule daktari alisema haraka, kwa maneno yao. Mwisho akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Ningesemaje, na foleni ile nyuma yangu?"

Nilikaa kwenye ile meza ya duara, miguu ina joto, mikono imekuwa baridi. Kwa miaka minne nilisimama upande wa pili wa dirisha la dawa. Niliwaelekeza mama za watu, nikamaliza kwa swali lilelile, "Umeelewa, mama?" Wakasema, "Ndiyo, sista." Nikaita anayefuata. Sasa najua ndiyo zile zilikuwa na nini ndani. Ilibidi niende hadi Hispania, nigeuzwe mtu asiyeelewa, ndipo nijue nilikuwa nauliza swali baya.

Sijauliza tena swali hilo. Leo ninafanya kazi Hispania, shahada ninayo, na mgonjwa akiwa anaondoka namwambia, "Nieleze, ukifika nyumbani hii dawa utaitumiaje?" Akikosea najua ni mimi sikueleza vizuri, narudia. Inachukua dakika mbili zaidi.

Kwa mzazi au kijana anayefikiria kusoma katika nchi ya Kihispania, nitasema haya machache. Tenga mwaka mzima kwa lugha kabla ya masomo yenyewe, usidanganywe na miezi mitatu ya simu. Uliza mapema kama vyeti vyako vitatambuliwa. Kwenye fomu, eleza majina yako yote matatu ni ya nani. Beba blanketi. Na sentensi ya kwanza kukariri isiwe "naitwa fulani," iwe "sijaelewa, naomba urudie." Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga, nasi huwa tunaikumbuka methali hiyo tunapowafundisha watoto, tukaisahau tunapofika ugenini.

Na kwetu sote tulio mbali na tunaopiga simu nyumbani: usimuulize mzazi kama anakunywa dawa. Atasema ndiyo, kwa kuwa hataki uhangaike. Muulize leo amekunywa kidonge kipi na saa ngapi, mwambie akichukue akusomee jina.

Jumapili iliyofuata nilimpigia Mama mapema. Hata kabla sijamaliza shikamoo, alianza yeye, kwa sauti ya mtoto anayetaja shairi mbele ya mwalimu: "Kimoja, asubuhi baada ya chai, kila siku, hata kichwa kikiwa hakiumi." Akapumua. "Haya, na wewe sasa. Wiki hii hukuelewa nini?"